Jinsi ya kufungua siri yako na wakili kwenye kesi ya jinai bila kujidhuru

Swali hili hunijia karibu kila wiki, kila mara kwa sura tofauti. Mama mmoja ananishika mkono nje ya mahakama ya Shanzu: "Wakili, si umwambie hakimu tu kwamba mwanangu alikueleza haya yote tangu siku ya kwanza?" Kijana aliye rumande Shimo la Tewa ananiletea kikaratasi kwamba yuko tayari kusema kizimbani kila tulichozungumza, kwa kuwa hana cha kuficha. Mwingine amekwisha hukumiwa, anakata rufaa, na anataka kueleza kwamba wakili wake wa kwanza alimpotosha. Wote watatu wanaomba kitu kimoja. Wanataka kufungua siri iliyo kati ya mteja na wakili.

Inaruhusiwa. Wakati mwingine hata inasaidia. Lakini nimeona watu wengi zaidi wakiifungua kwa bahati mbaya, kwa sentensi moja iliyowatoka ulimi, kuliko waliokaa wakaamua. Nimeandika hatua hizi ili wewe uwe kati ya walioamua.

Mwongozo huu unahusu kesi za jinai nchini Kenya. Vifungu vinavyohusika ni vya 134 hadi 137 vya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Sheria za ushahidi za Tanzania na Uganda ni dada wa hii yetu, zote zilizaliwa na ile ya India ya 1872, kwa hiyo msomaji wa huko atayatambua mengi. Ila asome vifungu vya kwao kabla ya kutenda. Na popote ulipo, usifanye hatua ya 7 na ya 8 peke yako. Mwonyeshe wakili wako ukurasa huu, mpitie pamoja.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Hati ya mashtaka na taarifa za mashahidi wa upande wa mashtaka. Kifungu cha 50(2)(j) cha Katiba kinakupa haki ya kuarifiwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yako na kuufikia. Bila karatasi hizo huwezi kujua kama kuna haja ya kufungua chochote.
- Mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) uliothibitishwa na mahakama, kama umeshahukumiwa na unakata rufaa.
- Faili yote ya wakili: maandishi ya kila mkutano, barua, ujumbe wa simu. Nasema yote kwa sababu. Utaiona kwenye hatua ya 5.
- Orodha ya kila mtu aliyekuwepo ulipozungumza na wakili, na kila mtu uliyemsimulia baadaye.
- Mkalimani unayemwamini, kama lugha ya faili si lugha unayoielewa vizuri. Kesi za mahakama za chini huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, ila maandishi ya mawakili wengi ni ya Kiingereza.
- Wakili wa pili, hata kwa saa moja tu. Wakili ambaye mazungumzo yake ndiyo yatakayofunguliwa asiwe ndiye mshauri wako wa pekee kuhusu kuyafungua.

Hatua ya 1: Jua siri ni ya nani

Siri ni yako wewe mteja. Kifungu cha 134 kinamkataza wakili kutoa maneno uliyomwambia, kueleza yaliyomo kwenye hati alizozijua kwa kazi yako, au kutaja ushauri aliokupa, isipokuwa wewe uwe umekubali waziwazi. Shika hilo neno waziwazi. Kunyamaza wakili akiulizwa si kukubali, na hakimu makini hatakuchukulia hivyo. Kinga hiyo pia haifi ukimbadilisha wakili au kesi ikiisha; kifungu chenyewe kinasema inaendelea baada ya kazi ya wakili kukoma.

Inaendelea hadi wapi? Kuna kesi ya Uingereza, ile ya Derby ya 1995, ambayo husomwa sana na mawakili wa nchi zenye sheria ya asili hiyo. Kijana alishtakiwa kwa mauaji ya msichana wa miaka 16 yaliyotokea 1978. Kwanza alikiri, kisha akageuza na kusema baba yake wa kambo ndiye aliyeua. Akaachiliwa. Miaka mingi baadaye baba wa kambo akashtakiwa kwa mauaji yaleyale, na mawakili wake wakataka maandishi ya kile kijana alichomweleza wakili wake wakati ule kabla ya kugeuza maneno. Unaweza kuona uzito wa ombi lao: mtu anashtakiwa kwa mauaji, na karatasi inayoweza kumsaidia ipo kwenye kabati la mtu mwingine. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule ilikataa. Kijana hakuwa amefungua siri yake, basi hakuna wa kuifungua kwa niaba yake.

Onyo: anayelipa ada si lazima awe mteja. Mjomba aliyeuza ng'ombe ili akuwekee wakili anastahili shukrani na heshima, lakini hana mamlaka ya kumwambia wakili "mweleze hakimu alichokwambia". Idhini inatoka kwa mshtakiwa mwenyewe.

Onyo la pili: kama mko washtakiwa wawili mnaotumia wakili mmoja, na mlizungumza naye pamoja, siri hiyo ni ya wote. Mmoja peke yake haifungui. Mkifika hapo tafuteni mawakili tofauti kwanza, kwa kuwa maslahi yenu yameanza kuachana.

Hatua ya 2: Tenga kilicho siri na kisicho siri

Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande wa kushoto andika mazungumzo yako na wakili kuhusu kesi, maelekezo uliyompa, ushauri aliokupa, barua na jumbe zenu. Kifungu cha 135 kinawaingiza pia mkalimani, karani na watumishi wa wakili, kwa hiyo karani aliyekuandikia maelezo naye amefungwa mdomo.

Upande wa kulia andika yasiyolindwa, na hapa ndipo watu hushangaa:

- Uliyomwambia mwenzako wa selo, mchungaji, shekhe, au dada yako siku ya kutembelewa.
- Karatasi iliyokuwepo kabla ya kesi. Risiti au mkataba wa kiwanja haugeuki kuwa siri kwa sababu umeupeleka ofisini kwa wakili. Barua uliyomwandikia kumweleza maana ya mkataba huo, hiyo ni siri.
- Maneno ya kuendeleza jambo haramu. Ukimuuliza wakili namna ya kumtisha shahidi, au kuandika mkataba wa tarehe ya nyuma, kifungu cha 134 chenyewe kinayatoa hayo nje ya kinga.
- Jambo aliloliona wakili, tangu alipoanza kukufanyia kazi, linaloonyesha kwamba uhalifu au ulaghai umetendeka tangu wakati huo.

Vya upande wa kulia havihitaji kufunguliwa kwa sababu havikufungwa. Mara nyingi mteja anahangaika na idhini ilhali jambo analotaka kulitoa limekaa upande huo siku zote.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote siku hizi ni lile kundi la WhatsApp la harambee ya dhamana. Wakili anamtumia mshtakiwa ujumbe mrefu wa ushauri, mshtakiwa anaupitisha kwenye kundi lenye watu 60 ili watu wajue pesa zao zinafanya kazi gani. Baada ya hapo ni vigumu kusimama mbele ya hakimu na kuuita ujumbe ule siri. Mkitaka kuwapa wachangaji habari, andikeni tarehe ya kutajwa kwa kesi na kiasi kilichobaki. Mengine yakae kwa wakili.

Hatua ya 3: Andika sababu yako kwa sentensi moja

"Nataka kufungua siri ili kuthibitisha kwamba..." Malizia sentensi hiyo. Ukishindwa kuimaliza, ishia hapo. Huna haja ya kufungua.

Sababu ninazoziona ni za aina chache. Ya kwanza ni madai ya kubuni: kiongozi wa mashtaka anasema hadithi yako ya kuwa ulikuwa Kilifi usiku ule umeitunga baada ya kusikia mashahidi, na wewe ulimwambia wakili habari hiyo asubuhi ya kukamatwa. Hii ndiyo sababu yenye nguvu zaidi.

Ya pili ni kueleza kwa nini ulinyamaza kituoni. Hapa nisikilize vizuri. Maandishi mengi utakayoyakuta kwenye intaneti kuhusu jambo hili ni ya Uingereza, ambako tangu sheria ya 1994 mahakama inaweza kuuchukulia vibaya ukimya wa mshukiwa kituoni ikiwa baadaye anategemea jambo ambalo angeweza kulitaja. Ndiyo maana huko washtakiwa husema "nilinyamaza kwa ushauri wa wakili", na wakieleza sababu za ushauri huo hujikuta wamefungua siri. Kwetu, haki ya kunyamaza imo kwenye vifungu vya 49 na 50 vya Katiba. Huna deni la maelezo. Usifungue mlango ili ujibu swali ambalo sheria yako haikuulizi.

Ya tatu ni ungamo linalobishaniwa. Wakili alifika kituoni akakukuta umevimba uso, na sasa polisi wanasema uliungama kwa hiari.

Ya nne ni rufaa inayomlaumu wakili wa awali: hakukuita mashahidi uliomtajia, au alikushauri ukiri kosa bila kukueleza adhabu.

Hatua ya 4: Tafuta njia nyingine kwanza

Hatua hii huokoa watu wengi, na ndiyo wengi hawaifanyi kwa sababu wamekwisha jiandaa moyoni kusema yote.

Kwa madai ya kubuni, dawa ya bei nafuu ni kuwahi mapema. Wakili wako awaulize mashahidi wa mashtaka, wakiwa bado kizimbani, kuhusu mahali ulipokuwa: "Nikikwambia mshtakiwa alikuwa Kilifi usiku huo, utasema nini?" Swali hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, na kuanzia siku hiyo hakuna wa kusema kwamba hadithi ilizaliwa siku ya utetezi. Pia unapunguza nafasi ya upande wa mashtaka kuomba kuleta ushahidi wa kujibu chini ya kifungu cha 212 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ambacho kinahusu jambo jipya wasiloweza kulitazamia. Siri haijaguswa hata kidogo.

Tafuta pia ushahidi unaosimama peke yake: taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulilipia chakula Kilifi saa tatu usiku, kitabu cha wageni cha gesti, mtu mliyekuwa naye. Taarifa ya M-Pesa haina siri ya kulinda, na hakuna atakayeidodosa kama atakavyokudodosa wewe.

Kwa ungamo, fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, iliyojazwa na daktari ina uzito kuliko macho ya wakili, na haimtoi wakili kwenye kesi. Nasema haimtoi kwa sababu Kanuni ya 9 ya kanuni za utendaji wa mawakili inamzuia wakili kusimama katika kesi ambayo ana sababu ya kuamini ataitwa kuwa shahidi. Ukimfanya shahidi wa majeraha yako, umempoteza kama mtetezi katikati ya safari. Vilevile, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo lichukuliwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Ukitaka mtu huyo awe wakili, bora asiwe yule atakayesimamia kesi yako.

Kwa rufaa, soma mwenendo wa kesi kwanza. Mara nyingi kosa la wakili limeandikwa humo wazi: shahidi muhimu hakuulizwa swali hata moja, au kesi ya utetezi ilifungwa bila shahidi ilhali mahakama ilikuwa imetoa samansi. Karatasi hizo ni za mahakama. Hazihitaji idhini ya mtu.

Hatua ya 5: Pima mlango utafunguka kiasi gani

Kama njia nyingine zimeshindikana, sasa soma faili yote. Keti na wakili wa pili, msome kila ukurasa, hasa ule usiokupendeza.

Sababu ni hii. Mahakama haipendi mtu achague tonge nono na kuficha mfupa. Ukitoa maandishi ya tarehe 3 yanayosema ulikuwa Kilifi, na faili ina maandishi ya tarehe 5 yanayosema ulikuwa Mtwapa, upande wa mashtaka watadai ya tarehe 5 nayo yaletwe, kwa kuwa yanahusu jambo lilelile. Na kifungu cha 137 kinawapa pa kushikia: mtu halazimishwi kutoa mazungumzo yake na wakili, ila akijitokeza kuwa shahidi anaweza kulazimishwa kutoa yale ambayo mahakama inaona ni lazima yajulikane ili kueleza ushahidi alioutoa yeye mwenyewe, na si mengine. Maneno yale ya mwisho ni ngao yako. Yale ya kabla yake ndiyo hatari.

Fanya jaribio hili. Mwombe wakili wa pili ajifanye kiongozi wa mashtaka na asome faili kama adui. Kila ukurasa aulize: "Mteja akisema lile, hili linahitajika ili kulielewa?" Kurasa zote zinazopata jibu la ndiyo ziwekeni kando. Hizo ndizo zitakazotoka nje pamoja na ule mmoja unaoupenda. Kama furushi hilo likisomwa lote linakudhuru, basi usifungue. Nimewahi kufanya jaribio hili na mteja aliyekuwa na hakika kabisa, na tulipofika ukurasa wa nne alinyoosha mkono akafunika karatasi.

Hatua ya 6: Amua utazungumza vipi kizimbani

Mahakama ikikukuta na kesi ya kujibu, kifungu cha 211 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (au cha 306 Mahakama Kuu) kinakupa njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo na kudodoswa, kutoa maelezo bila kiapo ambayo hudodoswi, au kunyamaza.

Uamuzi huu unabadilisha hesabu ya siri. Anayeapa ndiye anayejitokeza kuwa shahidi, na ndiye anayeguswa na lile tundu la kifungu cha 137. Hata hivyo, kuapa peke yake hakufungui siri. Kifungu cha 136 kinasema mtu kutoa ushahidi hakumaanishi ameruhusu wakili wake aseme. Unaweza kuapa, ukaeleza ulikokuwa, ukadodoswa saa mbili, na usitaje neno wakili hata mara moja. Hiyo ndiyo njia ninayowashauri wengi.

Maelezo bila kiapo hayana hatari hiyo, ila uzito wake mbele ya hakimu ni mdogo. Kama sababu yako ya hatua ya 3 ni nzito kiasi cha kufungua siri, kwa kawaida ni nzito kiasi cha kuapa.

Hatua ya 7: Andika idhini, na iwe nyembamba

Usitoe idhini kwa mdomo kwenye korido. Iandike. Mfano:

"Mimi (jina kamili), mwenye kitambulisho nambari (…), mshtakiwa katika kesi ya jinai nambari (…) katika Mahakama ya (…), namruhusu wakili (jina) aieleze mahakama jambo hili pekee: kwamba tarehe (…), katika kituo cha polisi cha (…), nilimwambia kwamba usiku wa tarehe (…) nilikuwa (mahali) pamoja na (jina). Ruhusa hii inahusu maneno hayo na ukurasa wa (…) wa maandishi yake ya siku hiyo. Haihusu ushauri wowote alionipa, mazungumzo ya siku nyingine, wala hati nyingine yoyote iliyo kwenye faili. Naitoa ili kujibu madai kwamba nilibuni utetezi wangu baada ya kusikia mashahidi. Nimesomewa maneno haya kwa lugha ya (…), nimeyaelewa, na wakili (jina la wakili wa pili) amenieleza madhara yake. Sahihi na tarehe."

Mambo matatu ya kuangalia hapa. Tenga ulichosema wewe na ulichoshauriwa. Karibu kila mara unahitaji kufungua cha kwanza tu. Taja tarehe, maana idhini isiyo na tarehe inameza kesi nzima. Na ukae nayo usiku mmoja kabla ya kutia sahihi, ukiwa umelala na umekula, si asubuhi ya kesi ukiwa umeshuka kwenye basi la magereza.

Ujue pia kwamba karatasi hii inamfunga wakili wako. Haimfungi hakimu, ambaye anaweza kuona kwamba kwa haki ukurasa mwingine unahitajika. Ndiyo maana hatua ya 5 hairukwi.

Hatua ya 8: Siku ya mahakama

Wakili aiambie mahakama kabla ya ushahidi kuanza kwamba mteja ameruhusu jambo moja litolewe, ataje mipaka yake, na ahakikishe hakimu ameiandika. Wakili wa awali akiitwa kuwa shahidi wako, kifungu cha 136 kinakuchukulia kuwa umekubali aseme, lakini kwa yale tu unayomuuliza ambayo bila swali lako asingekuwa huru kuyasema. Kwa hiyo maswali yaandikwe neno kwa neno nyumbani. Swali la "tueleze mlizungumza nini" ni kosa kubwa. Linafungua ghala lote. Uliza: "Tarehe 3, mshtakiwa alikwambia alikuwa wapi usiku wa tarehe 1?" Basi. Keti.

Wewe mwenyewe ukidodoswa, na kiongozi wa mashtaka akauliza wakili alikushauri nini, usikimbilie kujibu. Vuta pumzi, mpe wakili wako nafasi ya kusimama kupinga. Kama hakusimama, sema kwa adabu: "Mheshimiwa, hayo ni mazungumzo yangu na wakili wangu, sijayaruhusu." Kisha nyamaza umngoje hakimu aamue. Maneno hayo ni machache, yakariri kama unavyokariri nambari ya kesi yako.

Sentensi za kujihadhari nazo, kwa sababu zinasikika hazina madhara: "hata wakili wangu anajua", "nilimwambia wakili yote", "wakili ndiye aliyeniambia nisiseme". Kila moja inamkaribisha kiongozi wa mashtaka aulize swali linalofuata.

Hatua ya 9: Funga tena

Ushahidi ukiisha, wakili aiombe mahakama iandike kwamba ruhusa imeishia pale. Nakala zilizotolewa zihesabiwe. Faili irudi kabatini.

Mambo yakienda mrama

Nimeshasema kizimbani kabla ya kusoma haya. Mwambie wakili siku hiyohiyo. Atazame kumbukumbu za mahakama zinasema nini hasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kutaja kwamba ulionana na wakili na kutoa maneno mliyozungumza. La kwanza halifungui kitu. Kama umetoa maneno, wakili apiganie kifungu cha 137: yatoke yale tu yanayohitajika kueleza ulichosema.

Polisi wamechukua simu yangu, na jumbe zangu na wakili zimo ndani. Wakili aandike upesi kwa mahakama na kwa upande wa mashtaka, ataje nambari yake ya simu ili mawasiliano hayo yatengwe yasisomwe. Simu kuchukuliwa kwa nguvu si idhini yako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, na kifungu cha 50(4) kinaipa mahakama mamlaka ya kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuukubali kutaharibu haki ya kesi. Usingoje hadi jumbe zisomwe mahakamani ndipo ulalamike.

Wakili wa zamani hataki kutoa faili. Muulize kwanza kama kuna ada inayodaiwa, kwa kuwa wakili anaweza kuishikilia faili hadi alipwe. Mkikubaliana kiasi, ombeni nakala. Kukiwa hakuna deni na bado anakataa, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Nakata rufaa nikimlaumu wakili, naye anasema hawezi kujibu. Yuko sahihi. Bila idhini yako amefungwa, na mahakama itasita kuamini lawama ambayo mlaumiwa hakuweza kuijibu. Mpe idhini nyembamba ya hatua ya 7 inayohusu lawama hiyo peke yake, na wakili mpya aombe kuuingiza ushahidi huo chini ya kifungu cha 358 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Lakini usiache siku zikupite ukitengeneza idhini: rufaa ya kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu huwasilishwa ndani ya siku 14. Wasilisha kwanza, idhini ifuate. Na kama ulikiri kosa, kifungu cha 348 kinakubana kwenye urefu au uhalali wa adhabu, kwa hiyo wakili mpya aanze kwa kuchunguza namna ukiri wako ulivyochukuliwa.

Sina wakili, nina msaidizi wa kisheria tu. Wasaidizi wa kisheria hufanya kazi kubwa rumande na ninawaheshimu, lakini kifungu cha 134 kinamtaja wakili. Mweleze msaidizi unachohitaji ili akufikishe kwa wakili: kosa ulilosomewa, tarehe ya kesi, kama unaumwa. Undani wa usiku ule uhifadhi. Kisha mwambie hakimu, siku ya kutajwa, kwamba huna uwezo wa kuweka wakili na unaomba wa serikali chini ya kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba, na umwombe msaidizi akujazie maombi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.